Ndiga Haifukizwi Udi

LINDI, 1906. Jua la Jumanne halijapata nguvu, na Adija binti Likwata amepiga magoti nyuma ya zizi la punda wa boma, mikono imezama kwenye mchicha wa porini. Nyuma yake wamesimama wanawake tisa wa mjini. Wameinua nguo zao kukwepa mavi ya punda, na kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie.

"Samadi haiumi," Adija anawaambia bila kugeuka. "Mboga mnaitaka, kilichoilisha mnakiogopa?"

Askari wa zamu, Huseni, anakuja taratibu na bunduki begani.

"Mama, unachukua nini hapo?"

"Majani."

"Majani ya boma ni mali ya serikali."

"Basi mwite bwana mkubwa aje ayachume. Mimi nitamshikia kapu."

Huseni anafikiri. Ana mke na watoto wanne, na kibaba cha mchele kilichokuwa hela nne kabla ya vita sasa hakipatikani chini ya hela kumi na mbili.

"Usiguse yale ya pembeni," anasema hatimaye. "Yale nimemwahidi mama watoto."

Hivyo ndivyo Adija anavyopata riziki yake tangu alipoingia mji huu mwezi wa tano. Anachuma vinavyoota bila kupandwa: mchicha nyuma ya zizi, mchunga kwenye ua wa forodha, mnavu makaburini, mlenda kando ya barabara ya boma. Fungu moja huliuza hela moja. Asiye na hela anafundishwa kuchuma mwenyewe, naye hulipa kwa chumvi, kwa kipande cha samaki, au kwa kumchukulia Adija maji kisimani.

Kwao ni Kilangala. Mwaka jana alikuwa na shamba la mtama, ghala mbili na mume. Vita vya Maji Maji vilipofika, mume alikwenda, na hajarudi. Kisha wakaja askari wakachoma ghala zote mbili, na shamba wakalichoma pia, kwa kuwa walikuwa wamebakiwa na moto. Adija anaisimulia habari hiyo kwa maneno machache kuliko anayoyatumia kueleza namna ya kumenya kiazi. Mume hamtaji kwa mgeni.

"Nilikaa miezi minne na binti zangu tunakula porini," anasema. "Tulipofika Lindi nikaona watu wana njaa huku wamesimama juu ya mboga. Nikasema, hawa ni vipofu au ni wavivu? Kumbe ni waungwana."

Sasa anao wanafunzi tisa. Mmoja ni Rabiabai, mke wa Qutbuddin mwenye duka la nguo, ambaye amempa Adija banda la nyuma ya duka alale na binti zake. Rabiabai huja na mizani ndogo ya dukani na kupima kila jani kabla halijaingia kapuni. Mwingine ni Bi Kazija, ambaye mumewe, Fakihi bin Mfaume, ni karani wa boma. Bi Kazija huja amejifunika mpaka puani, si kwa haya bali kwa sababu mumewe hajui kwamba anakuja.

"Bwana anasema chakula cha porini ni cha nguruwe," anaeleza. "Na wiki yote hii anakula mlenda, anausifu, anadhani ni bamia."

Masomo ya juma hili ni ndiga, na hapo hakuna mchezo. Ndiga ni kiazi cha porini chenye jani la mikono mitatu na shina la miiba. Kimoja kinaweza kushibisha nyumba nzima. Kikiliwa kabla ya wakati, kinalevya, na mtu akizidisha kinaweza kumzika. Adija anawafundisha kwa vidole.

"Unamenya. Unakata vipande vyembamba kama hela. Unalowesha siku tano, na maji unabadilisha asubuhi na jioni. Siku tano, si nne. Halafu unapika, na aliyelowesha ndiye anayeonja kwanza. Anakula kipande, anakaa kitako mpaka kivuli cha nyumba kisogee hatua tatu. Akiwa bado anajua jina la mama yake, wengine wale."

"Mtungi wangu leo ni siku ya pili," Bi Kazija anasema, "na tayari nyumba inanuka kama kuna mtu amekufa uvunguni."

"Vizuri. Ndiyo sumu inatoka hiyo."

"Kesho nina wageni wa maulidi, Adija."

"Basi wageni wafunge pua. Mtungi usiufunue ila kubadilisha maji."

Wanawake wanacheka. Adija naye anacheka, lakini macho yake yako kwenye mlango wa boma. Siku moja baada ya hao wageni wa Bi Kazija, yaani Alhamisi, itasomwa orodha mpya.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna shamba la pamba la mzungu mmoja, mwendo wa siku mbili kutoka mjini, nalo linataka watu. Serikali imeamuru kwamba kila mtu wa bara asiye na kazi inayojulikana hapa mjini apelekwe huko kwa miezi sita. Karani anaandika majina, anapiga muhuri, liwali anayasoma barazani, na Jumamosi watu wanaondoka. Juma lililopita Adija alikwenda kwa karani kujieleza.

"Kazi yako nini?" karani aliuliza.

"Nachuma na kufundisha."

Karani Fakihi alipekua daftari lake. Lilikuwa na mpishi, mchukuzi, mvuvi, fundi seremala, fundi cherehani na dobi.

"Kuchuma haimo," alisema. "Mbuzi naye anachuma."

"Mbuzi hafundishi."

"Basi utakwenda kuchuma pamba," alisema karani, na akachovya kalamu.

Miezi sita kuanzia sasa ni kupita masika yote. Adija amekwisha kupanga mvua za kwanza zimkute Kilangala, na Rabiabai amemwekea pishi tatu za mbegu ya mtama ndani ya gunia, juu ya dari, mbali na panya. Akienda kwenye pamba, msimu umekwisha, na mwakani itakuwa majani tena. Binti zake, mmoja wa miaka tisa na mwingine sita, watabaki bandani.

"Mkubwa anaijua ndiga," anasema. "Lakini hana subira. Ataipika siku ya tatu."

Wa kuipika kabla ya wakati alikuwa mtu mzima.

* * *

Ukweli wa yaliyotokea Jumatano ulipatikana baadaye, na sehemu kubwa aliusema Bi Kazija mwenyewe. Asubuhi ile alifunua mtungi abadilishe maji, uvundo ukampiga usoni, na wageni walikuwa njiani. Hakutupa. Mama wa nyumba hatupi chakula mwaka wa njaa. Aliitoa ndiga, akaiosha kwa maji ya kisima, akaiosha tena kwa marashi. Kisha akafanya kile ambacho kila mwanamke wa mji huu hukifanya kwa kitu chenye harufu mbaya. Aliweka chetezo chini, akafunika tungu, lile tenga la kufukizia nguo, akatandaza vipande vya ndiga juu yake, na kuvifukiza udi.

"Uvundo uliisha wote," alisema baadaye. "Nikajua na sumu imeisha. Si ndiyo ilikuwa inanuka?"

Aliipika kwa tui la nazi na iliki. Wageni, kwa bahati yao, walikuja wameshiba. Karani alirudi kutoka boma saa saba na njaa yake. Bi Kazija akampakulia yeye kwanza, kama alivyolelewa, na akasubiri amalize ndipo naye ale. Karani akamaliza yote. Akauliza ni kitu gani, akaambiwa ni muhogo wa Miteja. Akasema watu wa Miteja ni watu wema sana, jambo ambalo hajapata kulisema juu ya watu wa mahali popote. Kisha akaondoka kurudi kazini.

Huseni ndiye aliyekuwa zamu langoni.

"Alinipa mkono," anasimulia. "Miaka mitatu niko pale, hajawahi kunipa mkono. Akampa mkono na yule punda. Akamwambia punda, shikamoo. Mimi nikadhani ni furaha za maulidi."

Ofisini karani alikaa mezani akamaliza orodha ya kesho. Aliandika kwa hati nzuri kuliko siku zote, akapiga muhuri mara tatu, akalala juu ya daftari mpaka alasiri. Alipoamka, kichwa kilikuwa kizito na hakukumbuka kitu. Muhuri ulikuwapo, kwa hiyo aliona kazi imekwisha.

* * *

Alhamisi saa tatu asubuhi baraza lilijaa. Watu wa bara walikaa chini upande mmoja, Adija kati yao, kaniki yake imefuliwa. Watu wa mjini walisimama upande wa pili. Nyuma kabisa, karibu na nguzo, walisimama wanafunzi wake kwa mstari, na mmoja wao alikuwa amejifunika mpaka puani.

Liwali ni mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe na usikivu wa sikio moja. Alimwashiria karani asome. Karani Fakihi akasimama, kanzu imepigwa pasi, akafungua karatasi na kusoma kwa sauti yake ya barazani. Kila jina lilipoitwa, mtu alisimama. Wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu.

"Wa kumi na nne, Adija binti Likwata, wa Kilangala."

Adija akasimama. Rabiabai alisema neno kwa Kigujarati ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Wa kumi na tano, Fakihi bin Mfa..."

Akaisogeza karatasi karibu na macho, kisha mbali.

"Endelea," alisema liwali. "Bin nani?"

"Bwana liwali, nadhani kuna kosa."

"Muhuri upo?"

"Upo. Iko mitatu."

"Basi soma."

"Fakihi bin Mfaume," karani alisoma polepole, "karani wa boma. Hana kazi inayojulikana."

Kwanza watu hawakuelewa. Kisha Huseni, langoni, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi, na baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja wa bara, wa tatu katika orodha, alijisogeza kumpisha karani nafasi ya kukaa.

Liwali peke yake hakucheka.

"Hati hii ni ya nani?"

"Ni yangu, bwana."

"Ulikuwa umelewa?"

Hapo kicheko kilikatika. Karani aliyeonekana amelewa kazini hupoteza kazi, na kwa desturi za boma hupata viboko kwanza. Fakihi ni mtu wa swala tano. Uso wake uligeuka rangi ya majivu.

"Wallahi sijapata kuonja pombe tangu nizaliwe."

"Basi ulikuwa na nini?"

"Sijui, bwana. Sikumbuki."

Adija alikuwa bado amesimama. Anasema hakukusudia kuzungumza. Ila alimtazama yule mtu kama anavyotazama jani, na alijua analolitazama.

"Shikamoo, bwana liwali," alisema. "Naomba nimuulize karani maneno matatu."

"Marahaba. Uliza kwa sauti, sikio langu hili limechoka."

"Jana mchana, bwana karani, ulimi ulikuwasha?"

"Kidogo."

"Milango uliiona miwili miwili?"

Karani alisita. "Ya boma niliiona mitatu."

"Na watu ukawapenda wote?"

Huseni ndiye aliyejibu kutoka langoni. "Alimpenda mpaka punda."

"Huyu hakulewa pombe," Adija akamwambia liwali. "Huyu amekula ndiga ambayo haijaiva majini. Ya siku mbili, au mbili na nusu. Ya siku moja asingefika boma."

Karani akapata uhai. Alimnyooshea kidole.

"Basi ni yeye. Nilikataa kumwandikia kazi, akanitilia sumu."

Baraza likavuma. Jambo lilikuwa limegeuka ghafla, na Adija alielewa kwamba kuna mahali pabaya kuliko shamba la pamba. Binti zake walikuwa wamekaa miguuni pa Rabiabai, wanamtazama.

"Mimi jikoni kwako sijaingia," alisema. "Jana ulikula wapi?"

"Nyumbani kwangu. Muhogo."

"Ulikuwaje huo muhogo?"

"Muhogo mzuri tu. Ulikuwa unanukia."

"Unanukia nini?"

Karani alifungua mdomo ajibu, kisha akaona pale neno linapokwenda. Alishusha kidole. Hakuna nyumba nyingine mjini inayochoma udi ule, na yeye mwenyewe ndiye anayeununua.

Adija naye aliona, na hakusema zaidi. Angeweza kujiokoa kwa jina moja tu, lakini jina hilo lilikuwa la mwanafunzi wake. Alimtazama liwali, akatazama chini, akangoja.

"Ni mimi," ilisema sauti ya nyuma.

Bi Kazija alitoka penye nguzo na kujifunua uso. Alisimama mbele ya baraza kama mtu aliyekuja kurudisha sufuria ya jirani.

"Adija aliniambia siku tano. Mimi nilikuwa na wageni, nikaitoa baada ya siku mbili, nikaifukiza udi. Kosa ni langu. Na bwana wangu siku hizi anakula mlenda, si bamia, bora alijue hilo pia tumalize."

"Ulifukiza kiazi?" liwali aliuliza, na kugeuza sikio zima.

"Kwa tungu la nguo."

"Na hukuonja?"

"Kwetu mume hula kwanza, bwana liwali. Ndiyo heshima ya nyumba."

"Kwetu anakula kwanza aliyelowesha," Adija akasema taratibu. "Ndiyo heshima ya ndiga."

Liwali alifunika uso kwa mkono. Mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu, na alipotoa mkono alikuwa anafuta machozi. Kisha akawa mtu wa serikali tena.

"Orodha imepigwa muhuri, na Jumamosi inafika kwa bwana mkubwa. Kuliondoa jina la karani lazima ipelekwe barua yenye sababu. Andika, Fakihi. Karani hakulewa. Alikula ndiga ya siku mbili, kwa ushahidi wa Adija binti Likwata..."

Karani aliandika.

"Bwana liwali," alisema Adija, "bwana mkubwa atauliza, huyu mwanamke ni nani hata ajue? Nanyi mtamwambia, ni mtu asiye na kazi inayojulikana, yuko katika orodha hii hii, wa kumi na nne. Atauamini ushahidi huo?"

Kalamu ikasimama. Liwali alimtazama Adija, akamtazama karani, akamtazama Adija tena.

"Fakihi," alisema, "huyu mama kazi yake nini?"

Karani Fakihi bin Mfaume alifungua daftari lake. Alipita mpishi, mchukuzi, mvuvi, fundi seremala, fundi cherehani na dobi. Chini yao, kwa hati yake nzuri, aliongeza mstari.

"Fundi," alisema. "Fundi wa vyakula vya porini."

Majina mawili yakafutwa kwa pamoja. Muhuri ukapigwa mara moja.

Wale kumi na watatu waliondoka Jumamosi kama ilivyoamriwa. Kwa ajili yao hapakuwa na barua. Adija aliamka mapema akawafungia kila mmoja ukwaju na mchicha mkavu, na kwa yule mzee wa tatu akaongeza mti wake wa kuchimbia. Alipowarudia wanafunzi wake siku ile hakufundisha. Alichuma tu.

* * *

Sasa juma jingine limeingia, na Adija amerudi nyuma ya zizi la punda. Cheti cha ufundi alichoandikiwa na karani amekifunga kwenye pindo la kaniki. Huseni amekiomba mara mbili akisome, ingawa hajui kusoma, na mara zote mbili amekiri kwamba ni sahihi. Wanafunzi wameongezeka kutoka tisa hadi kumi na saba. Tangu baraza lile, kila nyumba inataka kujua kuhesabu siku tano.

Mipango yake haijabadilika. Mvua ya kwanza ikinyesha atabeba zile pishi tatu, atawachukua binti zake, na atarudi Kilangala kulima. Anataka ghala moja kwanza. Ya pili itajengwa mwaka wa pili.

"Mwakani nikija Lindi nije na mtama kichwani," anasema. "Nije kuuza, wanunue wao. Mchicha wa punda nitakuwa nimewaachia."

Na kufundisha atamwachia nani? Bi Kazija ameomba kazi hiyo, na amemtaka mumewe amwandikie cheti mapema. Karani amekataa kuchovya kalamu mpaka mkewe amalize mtungi mmoja wa siku tano bila kuitoa ndiga kabla ya wakati.

Mtungi uko barazani kwao, umefunikwa na jiwe juu. Alasiri hii karani anarudi kutoka kazini, anasimama umbali wa hatua nne, anavuta pumzi, na uso unamkunjamana.

"Siku ya ngapi?" anauliza.

"Ya nne imetimia," anajibu Bi Kazija kutoka ndani.

"Basi leo nakula samaki," anasema karani. "Na kesho, mke wangu, utaanza wewe."